Kipimo cha Njia ya Mòn Pasyans

Umeniuliza, binti wa ramani, njia hii ina urefu gani.
Kifaa chako kimelia mara mbili, kikazimika ndani ya wingu,
nami nimesimama na panga, viatu vimejaa tope,
nikitafuta jibu lisilo la kijeuri.

Kwanza ujue: kisiwa hiki hakijui tambarare.
Pametulia uwanja wa kriketi tu,
na hata hapo, mpira ukipigwa kwa hasira,
mtoto hutumwa kuufuata hadi baharini
akarudi kesho.
Hatusemi kushoto wala kulia.
Twasema juu, twasema chini,
upande wa mvua, upande wa mbuzi.
Evarista Laronde namwona kutoka kizingitini
akianika mashuka; naweza kumrushia chungwa.
Lakini kumpa mkono
ni kushuka korongo, kuvuka mto mara tatu,
mto ule ule,
na kupanda ng'ambo kifua kikivuma kama mvukuto.

Njia hii ilikatwa na waliotoroka miwa.
Hawakutaka kufuatwa,
ndiyo maana inapinda bila sababu,
inajifanya imekufa kwenye mafuga-mbwe na majani ya gimbi,
kisha inafufuka hatua ishirini mbele.
Serikali iliwahi kuinyoosha.
Kimbunga kikairudisha ilivyokuwa.

Basi, urefu. Andika:
mikono mitupu, alfajiri, kabla jua halijaupata mgongo huu,
mwendo wa saa moja.
Na kikapu cha magimbi kichwani, saa moja na nusu,
ukiegemea mara moja mti wa gòmyé
unaokuachia utomvu begani.
Mtoto mgongoni, akilala, ni fupi.
Akiamka!
Ukitoka kudai deni, usiulize.

Na yupo ndege, humwoni,
anayepiga mluzi kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Ukimsikia, umefika nusu.
Ukinusa mayai viza, umepotea:
huko mlima unachemsha maji yake, rudi.

Kaka yangu Théodule alifia bandarini, mwezi wa Oktoba,
mvua ikiwa na siku yake ya tisa.
Alitaka kulala juu, kando ya miti yake ya kakao,
na mtu akishakufa humbishii tena.
Tulikuwa sita, tukipokezana na sita wengine.
Vidato vya mawe vile, ulivyovipiga picha, ni kazi yake,
miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi, nyundo na matusi.
Alitupandisha mwenyewe, waweza kusema.
Kidato baada ya kidato, imara, hakuna kilichotikisika.
Ila cha kumi na saba.
Hicho alikichonga kirefu mno kwa goti la binadamu.
Nilimwambia. Mkewe alimwambia. Padri alimwambia.
Akajibu, "Ninyi ndio wafupi."

Tulipofika hapo jeneza likainama,
kamba ikateleza, Prosper akapiga magoti topeni,
na ndani ya sanduku, tunaapa wote sita,
tukasikia kitu kikigonga ubao, kama mtu anayesema: mnaona?
Tukacheka.
Mvua inatupiga usoni, mjane yuko nyuma yetu,
naye alianza kabla yetu.
Tulicheka hadi ikabidi tumtue marehemu juu ya jiwe
tupumzike.

Siku ile njia ilitoka kiamsha kinywa hadi taa.
Nawe unaniambia kilomita mbili na nukta nne.
Sibishi. Andika, iwe sawa na mashine.

Ninayo patasi. Ninayo nyundo yake, mpini mpya.
Kila baada ya kimbunga napita nikifyeka,
naondoa magogo, nazibua mifereji,
na kile kidato nakifagia tu.

Tangulia, mwanangu, mwanga unapungua.
Hesabu kwa sauti.
Ukifika kumi na sita, inua goti.